Kupanga Safari ya Mahale Ukiwa Umekaa Mpanda

Siku yangu ya kwanza kazini niliwapeleka wageni wawili mlimani kwa rula. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka kwetu Litapunga na shati la kuazima kwa kaka, na kitu pekee nilichojivunia duniani kilikuwa alama yangu ya Jiografia. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele kwenye nyumba ya wageni hapa Mpanda mjini. Meneja alinionyesha meza, akanionyesha ramani ukutani, akaniambia kuna mtu na mkewe wanataka kwenda Milima ya Mahale kuangalia sokwe, niwaandikie ratiba. Kisha akaenda zake msibani.

Nikachukua rula. Nikapima kutoka Mpanda hadi mlimani, nikazidisha kwa kipimo cha ramani kama mwalimu alivyotufundisha, nikagawa kwa mwendo wa gari la ofisi. Jibu likatoka zuri kabisa, halina hata desimali. Nikaandika: kuondoka asubuhi, kufika jioni, gari litasimama mlangoni pa kambi. Wageni wakafurahi, wakaja na masanduku ya magurudumu.

Jambo ambalo rula haikuniambia ni kwamba ndani ya hifadhi ile hakuna barabara. Mlima umesimama miguu yake ikiwa ndani ya Ziwa Tanganyika. Mgeni anafika kwa boti, au kwa ndege ndogo kisha boti, na akishafika anatembea. Dereva wetu alilijua hilo, ila alikuwa mtu wa kutii karatasi kuliko macho yake. Aliendesha mpaka barabara ikawa njia, njia ikawa shamba la mahindi huko Sibwesa, na mwenye shamba akatoka na jembe begani kuuliza kwa upole wanamtafuta nani. Wakamwambia wanatafuta kambi ya sokwe. Akayaangalia yale masanduku, akaliangalia gari.

"Karibuni mpumzike kwanza," akasema. "Hilo gari lenu linaogelea?"

Waliporudi, Meneja hakunifokea. Alikuwa Mfipa mnene, mpole wa sauti, aliyezoea kuongea huku akimenya karanga.

"Kijana, umewahi kufika ziwani?"

"Hapana, bosi."

"Umewahi kufika wapi?"

"Tabora, bosi. Mara moja. Niliumwa."

Akamenya karanga mbili, moja akanipa. "Basi kama wewe si mtu wa kwenda, uwe mtu wa kuuliza waliokwenda. Ila ramani usiiulize tena. Ramani haijawahi kulowa."

Hapo ndipo nilipoanza kazi kweli, na nataka nyie vijana mnaopanga safari kwa kugusa kioo cha simu mjue zamani tulikuwa tunapangaje. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mungu aliponiumba alinipa makalio ya kukaa na masikio ya kusikiliza, na nimevitumia vyote viwili mpaka vikaniletea mshahara. Mwendesha boti akija Mpanda kutafuta plagi ya injini, nilimkalisha mgahawani kwa chai na chapati, nikamhoji kama polisi. Kutoka ufukweni mpaka kambini kuna kivuli wapi? Mzee akichoka anakaa kwenye nini? Ziwa linaanza kuchafuka saa ngapi? Wakati mwingine nilimuuliza mtu mpaka chai inapoa naye anasahau plagi.

Kwa njia hiyo nilijua njia za mlima ule kuliko njia ya kwenda kwa mkwe wangu. Nilijua jiwe la kupumzikia, kijito cha kuvuka, mizizi inayoteleza. Wageni waliniuliza, "Wewe umepanda mara ngapi?" Nikawajibu kwamba siku hizi nimepunguza. Haukuwa uongo. Kutoka sifuri huwezi kupunguza zaidi.

Ratiba ya mlimani ina sehemu ambazo asiye na kazi hii hazioni. Kuna kibali cha kuingia hifadhini, ambacho lazima kiwe kimeshughulikiwa kabla mgeni hajafunga begi. Kuna vocha, yaani hati inayoonyesha kwamba kitanda chake kambini kimeshikwa. Kuna mafuta ya akiba kwenye boti, ya kwenda, ya kurudi na ya kubishana na mawimbi. Halafu kuna siku ya ziwa. Hilo neno ni letu, hulikuti kitabuni. Siku ya ziwa ni siku tupu unayoiacha katikati ya ratiba, haina kazi yoyote, kwa sababu ziwa linaweza kuamka vibaya na boti ikakataa kutoka. Mgeni huuliza, "Hii siku mbona haina kitu?" Unamjibu, "Hiyo si yako, ni ya ziwa." Ziwa lisipoichukua, mgeni anaogelea na kusema kampuni ina ukarimu.

Meneja alistaafu, akarudi kwao Ufipa. Ofisi ikachukuliwa na mama mmoja tuliyemwita Mkurugenzi, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hakuwa na muda wa karanga. Wiki ile ile akaniita.

"Ratiba," akasema, maana jina hilo lilikuwa limeshanishika na mpaka leo halijaniachia, "nakuhamishia Kapalamsenga. Tunataka mtu wetu ufukweni apokee wageni na kuwapandisha kwenye boti."

"Mama, mimi nafaa zaidi mezani."

"Meza utaikuta kule."

Niliikuta kweli, chini ya banda la mabati, miguu yake mitatu ikiwa imezama mchangani. Niliomba kurudishwa Mpanda kabla sijafungua begi. Mkurugenzi alijibu kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Nikakaa. Kutoka pale, asubuhi hewa ikiwa safi, unauona mlima upande wa kaskazini, umejikunja juu ya maji kama mtu aliyelalia ubavu. Niliuangalia kila siku. Sikuwahi kuusogelea. Si mlima niliouogopa, ni maji. Mimi ni Mkonongo wa bara; kwetu maji yanakaa kwenye ndoo, na ukiyaangalia unaona chini.

Kapalamsenga ndipo nilipompata mama Yusta. Mama yake alikuwa anauza migebuka ya kukausha karibu na banda langu, naye akimsaidia. Boti haikufika mchanga mkavu, kwa hiyo abiria walivua viatu wakaingia majini mpaka magotini, na mimi nilisimama nchi kavu nikiita majina.

"Kaka," akaniuliza siku moja, "mbona wageni wanalowa, mwenye wageni umekauka?"

"Mimi ni wa ofisini."

"Ofisi iko wapi?"

Nikamwonyesha ile meza. Alicheka mpaka akaweka chini ungo wa samaki. Nikajua huyu ama nimuoe ama nihame kijiji.

Bibi yake, mzaa mama, alikuwa Mtongwe aliyezaliwa kwenye miteremko ya mlima ule kabla hakujawa hifadhi. Wakati ule watu waliishi kule juu, na alfajiri walisikia sokwe dume wakipiga mizizi ya miti mikubwa kama ngoma, mlio ukishuka bondeni. Bibi alisema wazazi wake wakiusikia waliamshana: majirani wameamka, na sisi tuamke. Mama Yusta alilelewa na hadithi hiyo huku ufukweni, anauona mlima, mlio hausikii, kwa sababu ni mbali. Alitaka kuusikia kwa masikio yake. Nami nikamwambia akikubali kuolewa nitampeleka. Nilisema kama wanaume tunavyosema mambo wakati wa posa.

Baada ya misimu michache Mkurugenzi alinihurumia, au alichoshwa na barua zangu, akanirudisha Mpanda. Tukaja na mke wangu, tukajenga hapa, tukamzaa Yusta na wadogo zake. Nikaendelea kuwapeleka watu mlimani nikiwa kwenye kiti. Kila kiangazi mama Yusta aliuliza, na kila kiangazi nilikuwa na sababu. Mtu ambaye kazi yake ni kujua kila kinachoweza kuharibu safari hakosi sababu. Mwaka huu ziwa ni baya. Mwaka huu boti ya mdogo wako ina injini ya mashaka. Mwaka huu Yusta ana mtihani. Alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Haya, Ratiba," anarudi jikoni.

Nieleze jambo moja la kazi, maana ndilo lililokuja kutushika baadaye. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi, kwao yanaweza kuua familia nzima. Ndiyo maana mgeni anavaa barakoa akiwafikia, anakaa mbali nao, na muda wake ni saa moja tu. Na kabla ya kuondoka kambini, mhifadhi anauliza afya ya kila mtu. Mwenye mafua, homa, tumbo la kuhara au kikohozi, anabaki. Awe ametoka ng'ambo ya dunia, anabaki.

Mkurugenzi alinifundisha kulishughulikia hilo tangu mezani. "Mgeni akiingia," alisema, "sikiliza kifua chake kwanza, jina baadaye." Nikawa nasikiliza. Kuna mzungu mmoja mtu mzima aliyekuja anakohoa, akaapa ni vumbi la barabara. Nilimwambia, "Mzee wangu, kule hawakuulizi kikohozi ni cha nini. Wanauliza kipo au hakipo." Akaenda, akabakishwa, akarudi Mpanda macho mekundu. Nilimpa pole zote nilizokuwa nazo, na nikaona nimefanya kazi yangu vizuri. Ni rahisi kutoa pole ukiwa na meza mbele yako.

Ofisi ilinipa heshima ya kustaafu pamoja nayo. Wageni walianza kupanga mambo yao kwa simu, moja kwa moja, hawapiti tena kwa mtu wa karanga wala wa chapati. Mkurugenzi alinikabidhi saa ya ukutani, akasema maneno mazuri, akafunga mlango. Nikarudi nyumbani nikiwa tayari kukaa, kazi niliyoifanyia mazoezi maisha yangu yote.

Nilikuwa nimekaa hivyo hivyo barazani siku mama Yusta aliporudi kutoka hospitali. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu.

"Daktari amesema magoti yamechakaa," akasema. "Ya kupanda na kushuka yamebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha mlima mmoja."

Sikuwa na sababu ya mwaka huo. Nilitafuta, nawaambia ukweli. Niliangalia juu ya mabati, niliangalia barabarani. Yeye akawa ananitazama kwa utulivu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kupekua mfuko ambao anajua ni mtupu.

"Nitapanga," nikasema.

"Panga na ya kwako. Siendi na mwendesha boti peke yake kama kifurushi."

Basi nikapanga, na niruhusuni nijisifu kidogo, maana ile ilikuwa ratiba bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilichagua mwisho wa kiangazi, kwa sababu wakati huo sokwe hushuka kufuata matunda, wanakuwa karibu na ufukwe, na mgeni hahitaji kupanda sana. Nilimpigia shemeji yangu Kalisto, mdogo wake mama Yusta, yule mwenye boti Kapalamsenga, tukakubaliana injini na mafuta ya akiba. Nilimpatia mama Yusta fimbo ya mti wa mkakasi iliyokatwa kwa kimo chake. Vibali, vitanda, siku mbili za ziwa badala ya moja. Kisha nikakaa na ratiba yangu magotini, nikaanza kuipitia kama mhifadhi atakavyotupitia siku yenyewe. Mna mafua? Hapana. Homa? Hapana. Tumbo? Hapana.

Jikoni mama Yusta akakohoa.

Alikohoa kama anavyokohoa kila jioni kwa miaka yote ya ndoa yetu, kikohozi kile kikavu cha mtu anayepuliza kuni. Wamempima hospitali mara kadhaa, kifua hakina ugonjwa, ni moshi. Mimi nilikuwa nimekizoea kama mtu anavyozoea mlango wake kulia. Jioni ile nilikisikia kwa masikio ya kazini. Magoti tulikuwa tumeyapangia, ziwa tulikuwa tumelipangia. Lakini mke wangu angevuka maji yote yale, akasimama mbele ya mhifadhi, akakohoa mara moja, na hapo ndipo safari yake ingeishia. Kiangazi kingine magoti yasingekuwepo.

Mtaniuliza, na gesi je? Gesi tulikuwa nayo. Yusta alituletea mtungi na jiko lake zaidi ya mwaka nyuma. Mama yake anasema maharage ya gesi yanaiva nje tu. Mimi naogopa utalipuka. Kwa hiyo mtungi ulivikwa kitambaa cha kufuma, ukawekewa maua ya plastiki, ukakaa sebuleni kama mgeni wa heshima.

Niliingia jikoni. "Mama Yusta, kuanzia kesho hukai hapa."

"Nimefukuzwa?"

"Unakwenda kukaa barazani. Kifua chako kipumzike moshi mpaka siku ya safari. Mhifadhi hatakiwi kukusikia."

Alinitazama, akaitazama sufuria. "Na chakula?"

"Nitapika mimi."

Hakucheka mara moja. Alingoja nitoke, ndipo nikamsikia.

Nyie mnaosoma mmezoea kuona wanaume wanapika kwenye simu zenu. Mtaani kwetu mwanaume wa umri wangu anayechutama mbele ya mafiga, ama mkewe amefariki ama amerogwa. Siku ya pili tu jirani yetu mama Shija, mama wa Kisukuma ambaye ua wake na wetu vinatenganishwa na mipapai, alisimama kwenye njia akitazama moshi unavyotoka kwetu.

"Baba Yusta, mama anaumwa?"

"Mzima. Yuko barazani."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Anatayarishwa kwenda mlimani."

Mama Shija akageuka akamtazama mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu, miguu juu ya stuli, anakula karanga. "Ndiyo matayarisho hayo?"

"Ndiyo," mama Yusta akajibu. "Ni magumu, ila navumilia."

Nilipuliza kuni mpaka nikaona nyota mchana. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na mabonge ya unga mkavu. Mama Yusta aliyatenga pembeni ya sahani, moja moja, akayapanga mstari. Mchele wa Mpimbwe, ambao hata mtoto hawezi kuuharibu, niliuharibu. Lakini siku zilivyokwenda, kikohozi chake kilipungua. Mwanzoni nilikisikia asubuhi tu. Baadaye ikapita jioni nzima bila kukisikia, nami nikawa nakoroga uji nikiwa nimetega sikio kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira. Wiki ya safari kifua chake kilikuwa kimya kabisa. Nilijisikia kama nimempasua mtu na kumponya.

Safari ya gari sitaisimulia, barabara ya ziwani inajulikana. Kapalamsenga tulilala kwa shemeji, na asubuhi nilivua viatu kwa mara ya kwanza mahali ambapo nilikuwa nimewavulisha viatu watu wengi sana. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo, na sikuwahi kuuliza. Kwenye boti nilikaa katikati, nimeshika pindo la kitenge cha mke wangu, macho nimeyafumba.

"Shemeji," Kalisto akaniita kutoka nyuma kwenye injini, "ukifumba macho ziwa linazidi kuwa kubwa."

Nikayafumbua. Mlima ulikuwa umesimama pale pale, umejaa upande mmoja wa dunia, kijani juu ya kijani, mawingu yamekaa mabegani. Midomo ya mama Yusta ilikuwa inatembea, kama anahesabu au anasali, sikumuuliza.

Asubuhi iliyofuata tulikaa kwenye benchi kambini pamoja na wageni wengine. Watafutaji, yaani wale vijana wanaotangulia msituni kuwasaka sokwe, walikuwa wamekwisha kutoa taarifa kwenye simu ya upepo kwamba wamewapata, na hawako juu sana. Nilimbonyeza mke wangu kwa kiwiko: nilikuambia. Mhifadhi alikuwa dada mmoja mchangamfu, buti zake zimepigwa rangi vizuri. Akatueleza barakoa, umbali, saa moja. Nilikuwa nayajua yote, nikawa naitikia kwa kichwa kama mkaguzi.

"Kuna mwenye mafua?" akauliza. "Homa? Kuhara? Kikohozi?"

Mama Yusta alikaa wima, kifua kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mimi nikakohoa.

Kilikuwa kimeanza muda kidogo, nadhani, ila mtu hasikii kifua chake mwenyewe anapokuwa anasikiliza cha mwenzake. Nilijaribu kukimeza cha pili, kikatoka kikubwa zaidi. Benchi zima likanigeukia.

"Babu, hicho kikohozi ni cha lini?"

"Ni cha moshi, mwanangu."

"Ni cha moshi, lakini kipo?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kumwambia mimi ni nani, nimeleta watu wangapi hapa, nimekipataje kikohozi chenyewe na kwa ajili ya nani. Nikamkumbuka yule mzee wa kizungu na vumbi lake. Nikasema, "Kipo."

"Basi babu utatusubiri hapa. Pole sana."

Nilimgeukia mke wangu nikidhani nitaona huzuni. Alikuwa ameshasimama, ameshika fimbo, anafunga kilemba vizuri.

"Utakwenda mwenyewe?" nikamuuliza.

"Na hawa wote?" Akaniwekea chupa ya maji karibu na mguu. Kisha akainama, jambo ambalo kwa magoti yale si dogo, akaniambia taratibu ili wengine wasisikie: "Umefanya vizuri kusema kweli, baba Yusta. Sasa kaa. Unajua kukaa."

Akaondoka nao. Nilimwona akiingia kwenye miti, anaweka fimbo kwanza, halafu mguu, kama nilivyomwelekeza sebuleni. Hakugeuka nyuma.

Nilikaa kwenye lile benchi na kukohoa kwa nafasi. Niliwahesabia njia: sasa wako kwenye kijito, sasa wako kwenye ile mizizi. Kisha, kutoka ndani ya msitu, ukaja mlio. Kelele kwanza, za wengi, zikipanda, halafu mapigo mazito ya haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango mkubwa wa mbao kwa mikono na miguu. Nilijua ni nini, nilishawaelezea wageni mara nyingi. Nilikuwa nawaambia unafanana na ngoma. Haufanani na ngoma. Nilisimama bila kujua nimesimama. Na nikajua kwamba kama mimi nimeusikia hivi nikiwa kambini, basi yeye kule alipo ameusikia mara mia.

Alirudi anachechemea, barakoa imelowa machozi, ameishika mkononi kama kitambaa. Nilimkalisha. Na mimi kwa mazoea nikaanza.

"Njia ikoje baada ya kijito? Jiwe la kupumzikia bado lipo?"

"Wewe unaniuliza njia," akasema. "Mimi nilikuwa nawaangalia wenyewe."

"Umeona nini?"

Akasugua magoti. "Kuna mmoja jike, mzee. Wenzake wako juu wanapiga kelele, wanapiga ile mizizi, yeye amekaa chini, amenyoosha miguu mbele, hivi. Anajipapasa magoti. Ameniangalia muda mrefu. Nikasema moyoni, haya, jirani, na sisi tumeamka."

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuwa na swali lingine.

Huo ulikuwa mlima wake mmoja, kama daktari alivyosema. Tangu turudi hachutami tena, ngazi za baraza anazishuka akiwa ameshika ukuta, na kanisani anabaki amekaa wenzake wanapopiga magoti. Hajalalamika. Jioni nyingine namkuta ametulia barazani, anatabasamu peke yake, nami simuulizi, najua yuko wapi.

Vijana wakija kuniuliza siri ya kupanga safari ya mlimani, nawaambia habari za vibali, mafuta ya akiba na siku ya ziwa, nawapa yote, sina cha kuficha. Halafu nawaambia wakamuulize anayekwenda anakwenda kutafuta nini, kwa sababu hilo mimi lilinichukua maisha ya kazi yote kuliuliza, na nilikuwa naishi naye nyumba moja.

Jikoni sijatoka, maana mafiga yanataka mtu wa kuchutama. Mtungi tumeuvua kitambaa, nauwasha nikiwa nimesimama mbali na kugeuza uso, lakini ugali bado naupika kwenye kuni, kwa sababu mwenye nyumba, mama Yusta, anajua tofauti. Juzi mama Shija alipita kuomba chumvi akanikuta napakua. Nikamkatia tonge, akala amesimama, akamtazama mke wangu pale barazani muda mrefu kuliko alivyolitazama tonge, kisha akafunga chumvi yake kwenye pindo la kanga na kuniambia:

"Baba Yusta, ugali wako bado mbichi katikati, ila mkeo amenenepa."